John Bardeen, mutu wa sauti ndogo nyuma ya redio zetu

Kwa jirani yetu mumoja hapa komini ya Mangobo kuna redio ya zamani yenye kuvaa ngozi, ile baba yake alimuachia. Wazee wa Kisangani hawaiiti redio, wanaiita transistori. Miaka mingi ilisema vizuri, kisha sauti ikaanza kupunguka. Haikukatika. Ilibaki chini kabisa, sawa mutu anayeongea nyuma ya mulango uliofungwa, na hata ukizungusha kifungo mpaka mwisho, hakukuwa tofauti. Jirani akanunua mapile mapya mara mbili, pesa ya bure. Mwishowe tukaipeleka kwa papa mumoja fundi wa maredio, karibu na soko kuu, Makiso.

Papa fundi aliifungua, akapima hapa na pale, akaonyesha kwa ncha ya turnevisi kitu kidogo kama kopo lenye miguu miwili. Ile njo imekufa, akasema. Ni kondansateri, au kapasita kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania na Kenya. Pembeni yake kulikuwa kitu kingine chenye miguu mitatu, transistori yenyewe, na hiyo ilikuwa muzima kabisa. Nikamuuliza: kama transistori ni muzima, juu ya nini sauti imekufa? Alinieleza karibu nusu saa. Nilirudi nyumbani na hamu ya kujua ni nani aliyeleta duniani kile kitu cha miguu mitatu, na namna gani kinaweza kushindwa kazi kwa sababu ya kakopo ka pembeni.

Anaitwa John Bardeen. Hapa kwetu ni wachache wanaomujua, hata kama wewe unayesoma hii makala kwa telefone umeshika kazi yake mukononi, si moja, ni mamilioni kwa mamilioni ndani ya kitu kimoja. Mpaka leo ni yeye peke yake aliyepata tuzo la Nobel la fizike mara mbili. Lakini wale waliokaa naye wanakumbuka kwanza kimya yake. Alikuwa anaongea chini sana, mpaka watu wakamupa jina la John wa kunong'ona. Mutu wa namna ile njo alituletea kipaza sauti cha karne.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1908 ku Madison, mu jimbo la Wisconsin, Marekani. Baba yake, Charles Bardeen, alikuwa daktari na mukubwa wa kwanza wa shule ya udaktari ya universite ya kule. Mama yake, Althea, alikuwa amefundisha shuleni mbele ya kuolewa, na alipenda sanaa. Mutoto alikuwa na kichwa cha hesabu kupita rika lake, kwa hiyo wazazi walikubali aruke madarasa: akiwa na miaka 9 tayari alikuwa anakaa na watoto wa sekondari. Kisha ikaja pigo. Mwaka wa 1920 mama alikufa na kansa. John alikuwa na karibu miaka 12.

Akiwa na miaka 15 aliingia universite. Hakuchagua hesabu tupu, alichagua uenjenieri wa umeme, juu hakutaka kuishi maisha ya profeseri kama baba yake. Alitaka kazi ya mukono. (Mwisho wake alikuwa profeseri miaka mingi, lakini tutafika pale.) Alipata diploma mwaka wa 1928, na ya pili mwaka wa 1929. Kuanzia 1930 alifanya kazi Pittsburgh kwa kampuni ya mafuta ya Gulf. Kazi yake ilikuwa kupima sumaku na uzito wa ardhi ili kukisia mafuta yako wapi chini. Sisi wa hapa, tunaosikia kila mwaka habari ya mafuta ya Cuvette centrale, tunaweza kuelewa ile kazi ni ya namna gani: mutu anatembea na mitambo juu ya ardhi, akijaribu kuona kitu asichokiona.

Mwaka wa 1933, wakati dunia nzima ilikuwa inalia na shida ya pesa, Bardeen aliacha mushahara wake, akarudi shuleni, universite ya Princeton. Wengi wangemuona kama amepotewa na akili. Kule alisoma chini ya Eugene Wigner, mutaalamu aliyetoka Hungaria. Swali lao lilikuwa: ndani ya chuma, elektroni zinaenda namna gani? Kwa nini shaba inapitisha umeme vizuri, kioo kinaukataa kabisa, na kuna vitu vingine ambavyo viko katikati, vinapitisha kidogo tu? Alipata udokta mwaka wa 1936. Akapita Harvard, akafundisha Minnesota, na mwaka wa 1938 akamuoa Jane Maxwell. Walizaa watoto watatu: James, William na Elizabeth. Wakati wa vita alitumikia laboratuare ya jeshi la maji. Vita ilipoisha mwaka wa 1945, alikubali kazi ku Bell Labs, laboratuare ya kampuni ya telefone ya Marekani, mu jimbo la New Jersey.

Wakati ule, kuongeza nguvu ya sauti kulikuwa kazi ya lampe. Vijana hawajaziona: ni kama globo ya kioo, ndani yake kuna uzi unaowaka mwekundu. Unafungua redio, unangoja ipate moto, kisha inasema. Lampe inakula umeme, inapata joto sana, na siku moja inaungua. Kwa redio moja mu saluni ya tajiri si shida. Kwa kampuni ya telefone yenye maelfu na maelfu ya lampe ku laini zake, ni hasara ya kila siku. Kwa hiyo wakubwa wa Bell Labs walitaka kitu kigumu, bila kioo na bila moto, chenye kufanya kazi ileile.

Mukubwa wa lile kundi alikuwa William Shockley, mutu wa akili nyingi na kiburi kilekile. Alikuwa na wazo lake la kutumia umeme kutoka inje ili kufungua na kufunga njia ya elektroni ndani ya jiwe la katikati lile, silisiumu au germaniumu. Ku karatasi hesabu ilitimia. Ku meza hakukuwa kitu. Bardeen alikaa na lile swali miezi, akatoa jibu: elektroni zingine zinanasa juu ya uso wa jiwe, zinafanya kama pazia, na nguvu ya inje haiingii ndani. Ile iliwafungulia njia.

Jambo lingine ni bahati tu ya ofisi. Wakati Bardeen alifika, nafasi ilikuwa finyu, wakamuweka chumba kimoja na Walter Brattain, fundi wa majaribio mwenye mikono ya ajabu na mudomo usiochoka. Bardeen alifikiri, Brattain alitengeneza. Mumoja kimya, mwingine makelele, na walipatana kama ndugu.

Mu Novemba na Desemba 1947 kazi ikaenda mbio. Brattain alichukua kipande cha plastiki cha pembe tatu, akakifunika na karatasi nyembamba ya dhahabu, akaikata kwa wembe pale ku ncha ili ibaki pande mbili zilizokaribiana kuliko unene wa uzi. Akaigandamiza kwa resori juu ya jiwe la germaniumu. Mutu angeiona pale ku soko angeitupa. Tarehe 16 Desemba ilifanya kazi: umeme mudogo ulioingia upande mumoja ulitoka mukubwa upande wa pili. Jioni ile Bardeen alirudi nyumbani, akamukuta Jane jikoni anatayarisha chakula, akamuambia tu kama leo wamevumbua kitu cha maana. Akanyamaza. Bibi yake akaendelea na mboga.

Tarehe 23 Desemba waliwaonyesha wakubwa. Walitumia mikro na vifaa vya kusikilizia. Mutu aliongea, wakasikiliza bila kile kijiwe, kisha wakakiingiza mu laini, na sauti ikapanda palepale. Nguvu iliongezeka mara 18 hivi. Napenda kukumbusha wenzangu wa studio kama kazi ya kwanza ya transistori duniani haikuwa ordinateri wala telefone. Ilikuwa sauti ya mutu.

Kilichofuata, kila mufanyakazi wa Kisangani atakielewa bila kufasiriwa. Shockley, mukubwa, hakuwako mu kazi ile ya mwisho, na jina lake halikuingia ku brevet. Ilimuuma sana. Alijifungia, na kwa majuma machache akaandika wazo la transistori ya namna nyingine, iliyokuwa bora na njo inayotumika mpaka leo mu maredio. Ile ni haki yake. Lakini kisha akawasukuma wenzake pembeni, akawanyima nafasi ya kuendelea na kazi waliyoianza. Ku foto iliyozunguka dunia, aliyekaa mbele ya mashini ni Shockley. Bardeen na Brattain wamesimama nyuma, na meza ile ilikuwa ya Brattain. Bardeen hakupiga kelele. Alitafuta kazi pengine, na mwaka wa 1951 akahama.

Habari ilitangazwa kwa watu wote New York tarehe 30 Juni 1948. Gazeti kubwa la kule, New York Times, liliiweka ukurasa wa 46, mwisho wa habari za vipindi vya redio. Na sisi Wakongo hatuwezi kusoma ile tarehe bila kushituka: miaka 12 kamili mbele ya 30 Juni 1960. Ni bahati tu, haina maana nyingine. Lakini ilikuwa ni vile viredio vya transistori, vyenye kutembea na mapile machache, njo vilianza kuingia mu mikono ya watu wakati ule uhuru ulikuwa unakaribia. Lampe ilitaka kura ya muji. Transistori ilifika hata kwenye nguzo ya umeme haijafika, na mu maeneo mengi ya Opala, Yahuma au Bafwasende bado haijafika.

Sasa turudi kwa papa fundi na swali langu. Transistori ina miguu mitatu: baze, kolekteri na emeteri. Sauti ndogo inaingia ku baze, na sauti kubwa inatoka ku kolekteri. Mambo yangekuwa rahisi kama transistori ingekuwa mutulivu kama muvumbuzi wake. Lakini haipendi joto. Zile za kwanza, za germaniumu, zilikuwa mbaya zaidi: kila mara joto likipanda kwa digri 10 hivi, umeme unaovuja ndani yake unakaribia kuwa mara mbili. Umeme ukiongezeka, transistori inapata joto zaidi. Joto likiongezeka, umeme unapanda tena. Weka redio ya namna ile chini ya manjanja ya Mangobo saa saba ya mchana, na inaweza kujiua yenyewe.

Dawa iliyopatikana ni rezistansi moja mu njia ya emeteri. Umeme ukitaka kupanda juu ya joto, lazima upite mu ile rezistansi, na ukipita pale unainua voltaji ya emeteri. Voltaji ya emeteri ikipanda, transistori inajifunga kidogo, umeme unashuka. Ni ulinzi wa maana, tena bei yake ni kidogo sana.

Shida ni hii: rezistansi haina masikio. Haijui tofauti kati ya umeme unaopanda juu ya joto na umeme unaopanda juu mutangazaji anaongea. Sauti ni umeme unaopanda na kushuka mara mamia au maelfu kwa sekunde moja. Kila mara sauti inataka kupanda, rezistansi inaishusha. Inalinda transistori, lakini inafunga mudomo wa redio.

Njo pale kondansateri inaingia. Mafundi waliiweka pembeni ya rezistansi, muguu mumoja ku emeteri, mwingine chini ku masi. Ndani ya kondansateri kuna mabamba mawili yaliyotenganishwa. Umeme wenye kusimama sawasawa unaijaza mara moja, kisha haupiti tena. Umeme wenye kwenda na kurudi unaijaza na kuimwaga, kuijaza na kuimwaga, kwa hiyo ni kama unapita. Matokeo yake: umeme wa kulisha transistori unalazimika kupita mu rezistansi, ulinzi unabaki, lakini sauti inapata njia ya pembeni na haipunguzwi.

Kwa mutu wa Kisangani kuna mufano rahisi kuliko wote. Angalia muto wetu. Kutoka Ubundu mpaka hapa kuna maporomoko saba ya Boyoma, na la mwisho ni lile la Wagenia, linalojulikana na kila mutu. Maji ya muto yanapita mu maporomoko usiku na muchana, hayana njia nyingine, na ni vizuri yapite pale. Lakini mizigo haiwezi kupita na boti. Kwa hiyo mwaka wa 1906 walifungua reli ya kilometre 125, kutoka upande wa Lubunga mpaka Ubundu, na mizigo ikazunguka maporomoko. Maji ni umeme wa kusimama. Maporomoko ni rezistansi. Mizigo ni sauti. Reli ni kondansateri. Treni ikikosa, na tunajua vizuri namna inavyokosa, maji bado yanapita kama kawaida, lakini mizigo inafika kidogo-kidogo, juu ya kichwa na juu ya kinga.

Tofauti yake inaweza kupimwa. Tuseme ku kolekteri kuna rezistansi ya ohm 4.700, na ku emeteri kuna ya ohm 1.000. Bila kondansateri, ile transistori inaongeza sauti mara 4 au 5 tu. Weka kondansateri ya kutosha, na inaweza kupita mara 100. Kitu cha bei ya kipande cha sabuni! Lakini lazima iwe ya kutosha kweli. Ukiweka ya mikrofaradi 10, sauti nyembamba zinapita vizuri lakini zile nzito, chini ya mapigo 600 hivi kwa sekunde, zinaanza kupunguka, na papa mukubwa wa kwaya anasikika kama kijana. Ukiweka ya mikrofaradi 100, sauti zinashuka vizuri mpaka karibu mapigo 60.

Hii pia inafasiria ugonjwa wa redio ya jirani. Kondansateri ya namna ile ina maji ya kemikali ndani, na miaka ikipita, yanakauka. Ikikauka, rezistansi inabaki peke yake. Fundi akipima voltaji ku miguu ya transistori, anakuta namba zote ni sawa, na fundi asiye na uzoefu anaweza kubadilisha transistori tatu bure. Papa yetu alifanya kitu kidogo. Alichukua kondansateri nzima, akagusisha miguu yake juu ya ile yenye kufa wakati redio inasema. Sauti iliruka, watu wa meza ya pili wakageuka. (Wanaotaka kujaribu nyumbani waangalie alama ya kujumlisha na kutoa, ukigeuza, inavimba, na inaweza kupasuka mbele ya macho yako.)

Si Bardeen aliyevumbua ile njia ya pembeni. Mafundi wa lampe walikuwa wanaitumia zamani. Lakini transistori ilileta hitaji mupya: inatembea na voltaji ndogo, na kondansateri zake lazima ziweze kubeba mingi, huku zikiwa ndogo za kuingia mu kiredio cha mufukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bell Labs, nyumba ileile iliyozaa transistori, ilitengeneza kondansateri ndogo kavu ya kuisindikiza. Walitumia chuma kimoja kinachoitwa tantale.

Hapa musomaji wa Kivu au Maniema ameshaelewa. Tantale njo inatoka mu koltani. Ile koltani ambayo watu wanaichimba kwa mikono Rubaya na pengine, ile watu wanaiuana juu yake, kazi yake kubwa duniani ni kondansateri. Nyingi kati ya hizo zinafanya kazi ya kondansateri ya redio ya jirani: kukaa pembeni ya transistori, kutuliza umeme, kuacha kingine kipite.

Na germaniumu? Mu miaka ya 1950, Kipushi, pale karibu na Lubumbashi, ilikuwa moja ya mashimo yenye kutoa germaniumu nyingi duniani, ikichanganyika na shaba na zinki ya Union Minière. Siwezi kusema kipande cha Bardeen cha 1947 kilitoka kwetu, juu Marekani ilikuwa na zinki yake yenye kutoa germaniumu. Lakini wakati redio za transistori zilianza kuuzwa, ya kwanza ilitoka Marekani mwaka wa 1954 kwa dolari 49 na senti 95, na transistori zake nne zilikuwa za germaniumu. Nafikiri mara nyingi juu ya wale wachimbaji wa Kipushi wa mwaka ule: wangapi kati yao walikuwa na redio nyumbani?

Bardeen mwenyewe alipenda kubeba kisanduku kidogo cha muziki kilichotengenezwa na transistori za kwanza. Akienda kutoa masomo, badala ya kuongea mingi kwa sauti yake ile isiyosikika, alikuwa anabonyeza, na kisanduku kinapiga palepale, bila kungoja kipate moto kama lampe. Universite ya Illinois, mu muji wa Urbana, inakitunza. Kule njo alihamia mwaka wa 1951, akakaa mpaka uzee. Mwanafunzi wake wa kwanza kule, Nick Holonyak, njo alitengeneza mwaka wa 1962 taa ndogo nyekundu ya LED, ile inayowaka leo mbele ya kila mashini.

Asubuhi moja ya Novemba 1956, Bardeen alikuwa jikoni anakaanga mayai ya familia, redio ikatangaza kama yeye, Brattain na Shockley wamepata Nobel. Kikaango kikamuanguka mukononi. Ku Stockholm, mufalme wa Uswedi alimugombeza kidogo kwa utani, sababu hakuja na watoto wake wote. Bardeen akajibu kama mara ijayo atawaleta. Kila mutu akacheka: nani anapata Nobel mara mbili?

Kumbe kazi ya pili ilikuwa tayari motoni. Tangu 1911 watu walijua kama vyuma fulani, ukivipoza sana, vinapitisha umeme bila kizuizi hata kidogo, lakini hakuna aliyeweza kufasiria. Wakubwa wengi wa fizike walijaribu wakashindwa. Mwaka wa 1957 Bardeen na vijana wawili, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walitoa jibu: kule ku baridi kali elektroni zinatembea mbili-mbili, na zote zinaenda kama kitu kimoja. Schrieffer alikuwa bado mwanafunzi. Bardeen, aliyeonja uchungu wa mukubwa mwenye kula kazi ya wadogo wake, aliweka majina yote matatu, na mashini ya picha za mwili inayoitwa IRM mu hospitali kubwa inatumia vyuma vya namna ile.

Nobel ya pili ilikuja mwaka wa 1972. Siku ya kuhojiwa na waandishi wa habari alichelewa kutoka nyumbani, juu mulango wa garaji, uliofunguliwa na kifaa cha transistori, ulikataa kufunguka. Akaenda Stockholm na watoto wote watatu, kama alivyomuahidi mufalme. Shockley yeye alimaliza miaka yake ya mwisho akitembeza maneno kama watu weusi wamezaliwa na akili kidogo. Watoto wake walijua kifo chake mu magazeti.

Majirani wa Urbana walimujua Bardeen kama mutu wa kucheza golfu na kupika nyama ya kuchoma kwa wageni. Kampuni ya Sony ya Japani, iliyotajirika na maredio ya transistori, ilitoa dolari milioni 3 kwa universite yake kwa heshima yake. Alikufa Boston tarehe 30 Januari 1991, na miaka 82.

Redio ya jirani imerudi Mangobo. Papa fundi hakupata ya mikrofaradi 100 mu sanduku lake, akaweka ya 47 aliyoitoa mu mashini nyingine iliyokufa. Inasema kwa nguvu sasa, mpaka ku barabara. Ni sauti ya mutangazaji wetu wa asubuhi tu njo imekonda kidogo, na mwenyewe nilipomuambia, hakufurahi.